Meza ya Wapima Barabara

Naisula alifia njiani, mwaka ule wa mvua kubwa. Wanaume wa boma walimbeba kutoka Malambo akiwa na uchungu wa kujifungua, wakiliendea gari la zahanati lililokwama ng'ambo ya korongo. Mdogo wake Nanyori alitembea pembeni amemshika mkono. Kila walipopanda kilima, Naisula aliuliza, "Tumefika?"

Swali hilo lilimfuata Nanyori mpaka sekondari, Karatu. Akifua, akichota maji, hata katikati ya hesabu, lilimjia sikioni kwa sauti ileile iliyochoka. Hakumwambia mtu.

Mwaka 1983, mwalimu Wilibrodi alitangaza kwamba watu wa kazi mbalimbali wangekuja bwaloni, kila mmoja na meza yake, kuzungumza na kidato cha nne. Shule nzima ilijua Nanyori angekwenda kwa wauguzi.

"Msiende kukodoa macho tu," mwalimu aliwaonya. "Uliza unachotaka kujua kweli, si kile unachodhani kitampendeza mgeni. Na usigande kwenye meza moja."

Bwenini, rafiki yake Leonida wa Endamarariek alijifanya muuguzi ili wafanye mazoezi.

"Kwa nini unaitaka kazi hii?"

"Napenda kusaidia wagonjwa."

"Hilo kila mtu atalisema, shoga. Sema la kwako."

Nanyori akarudia jibu lilelile.

Siku yenyewe ukungu ulishuka kutoka msituni, madirisha ya bwalo yakawa meupe. Nanyori alifika mbele ya Sista Antonia, muuguzi wa makamo, na maneno yote aliyoyakariri yakampotea. *Tumefika?* Safari hii sauti ilikuwa karibu mno, akageuka nyuma. Hakukuwa na mtu.

"Sema, mwanangu."

"Mjamzito akifia njiani, kabla hajawafikia, ninyi mnafanyaje?"

"Hatufanyi kitu. Hata kujua kwamba alikuwa anakuja, hatujui." Akashusha sauti. "Alikuwa nani wako?"

"Dada."

"Pole sana. Gari lilikosekana?"

"Gari lilikuwepo, Sista. Barabara ndiyo haikuwepo."

Muuguzi alinyoosha kidole pembeni ya bwalo. "Basi usiishie kwangu. Kamwulize na yule."

Kule kona aliketi Bwana Patrisi, mpima barabara, peke yake, akifuta vioo vya darubini yake ya miguu mitatu.

"Shikamoo. Barabara ya Malambo itapita wapi?"

"Marahaba. Bado tunaitafutia njia." Akaacha kufuta. "Hesabu unaziweza?"

"Naziweza."

"Msichana hatujawahi kuwa naye. Likizo njoo uione kazi yenyewe, jua na vumbi lake. Ukiichukia, heri uichukie mapema."

Likizo ilipofika, Nanyori aliwafuata wapimaji upande wa Malambo. Alishika fimbo za kupimia, alipigilia vigingi, aliungua na jua hadi midomo ikapasuka. Asubuhi moja Patrisi akamwita achungulie. Darubini ile ya zamani ilionyesha kila kitu kichwa chini. Nanyori aliona mgunga umening'inia, shinani mwake rundo la mawe, na kando ya mawe mwanamke mwenye shuka amekaa kimya, naye kichwa chini. Alipoinua uso, alimtambua mama yake, ana majani mabichi mkononi.

"Unamfahamu?" Patrisi aliuliza.

"Ni yeyo, mama yangu. Na chini ya mawe yale tulimlaza dada."

Patrisi alivua kofia. "Mstari tutausogeza."

Nanyori alishuka mpaka kwa mama yake, akamweleza kwamba barabara ingepita pale lakini wataihamisha, mbali, ng'ambo ya kilima. Mama aliweka majani juu ya mawe, moja moja, hana haraka.

"Isiende mbali," alisema hatimaye. "Huku usiku ni kimya mno. Acha asikie magari."

Nanyori alichukua nyundo na kigingi, akahesabu hatua chache kutoka kwenye mawe. Mama yake akainuka, akakishika kigingi kisiyumbe, naye Nanyori akapiga.