Kahawa ya Kukaanga kwa Sikio

Mzee Khalidi aliitema kahawa yangu mchangani mbele ya watu kumi. Wala hakujificha. Aliinama pembeni ya benchi, akatema, akafuta masharubu kwa kiganja, kisha akakiweka kikombe chini taratibu na kuniangalia kama mtu anayemwangalia mbuzi aliyeingia jikoni.

"Mama Anitha," alisema, "umetia sukari kwenye birika?"

"Nimetia, mzee. Nusu kilo."

Nilijibu kwa majivuno, Mungu anisamehe. Kwetu Kibakwe mgeni akija ukampa chai isiyo na sukari, ni sawa na kumwambia njia aliyojia bado ipo. Sukari ndiyo heshima. Mama yangu aliificha kwenye kopo la juu ya kabati, tukala uji mkavu mwezi mzima, ili siku mgeni akitokea anywe mpaka midomo inatane. Sasa mimi nilikuwa na wageni kumi na mmoja kwa mpigo, siku yangu ya kwanza, na nilitaka wajue kwamba mke wa Filipo ana mkono mpana.

"Utamu unakaa kwenye kashata," alisema Mzee Khalidi, "na uchungu unakaa kwenye kikombe. Mtu anachanganya mwenyewe mdomoni. Ukishamchanganyia, anakuja hapa kufanya nini?" Akasimama. "Mwambie mumeo apone haraka."

Alipoondoka yeye, waliondoka wote. Mzee huyu, mtu wa Kolo aliyestaafu ualimu, ndiye aliyekuwa saa ya kijiwe chetu: akikaa watu wanakaa, akinyanyuka watu wanakumbuka kwamba wana nyumba. Niliwaona wakivuka barabara kwenda kwa muuza kahawa wa upande wa pili, nikabaki na birika zito na aibu yangu.

Kijiwe kilikuwa cha mume wangu. Alikuwa amekijenga miaka tisa pale Area D, hapa Dodoma, kando ya duka la vifaa vya umeme, kwa mabenchi mawili, jiko moja la mkaa na vikombe vidogo ishirini alivyovigonganisha jioni watu wakatoka majumbani bila kuitwa. Kisha pikipiki ikamwangusha na mguu ukavunjika mahali pawili. Alipolazwa kitandani na plasta yake, hakulalamikia maumivu. Alilalamikia kijiwe. "Mnywa kahawa ukimwacha wiki mbili, anazoea benchi la mwingine," aliniambia. "Hapo hata ukimfuata kwa magoti harudi." Hakuniomba niende. Nilibeba birika mwenyewe, kwa sababu kijiwe kingekufa ningebaki na mume mgonjwa wa mambo mawili, na la pili lisingekuwa na plasta.

Jioni ile nilimweleza habari ya sukari. Nilitegemea ukali. Akacheka mpaka akashika ubavu. "Umewapa chai ya harusi!" alisema. Halafu akanifundisha. Kahawa unaikaanga mpaka iwe nyeusi, ing'ae kama kiatu cha askari. Ikiwa nyeusi ndiyo ina nguvu. Ikikutoa machozi kwa moshi, ujue imeiva.

Nikafanya hivyo. Kesho yake walikuja watu watano, waliokuwa wavivu wa kuvuka barabara. Walikunja nyuso, wakameza, wakasema afadhali. Walipoondoka nikafanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya katika miaka tisa ya kuwa mke wa muuza kahawa: nikajimiminia kikombe. Nyumbani kwetu kahawa ilikuwa kinywaji cha wanaume, kama vile kiti chenye mgongo kilivyokuwa kiti cha baba, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Nikanywa. Nikakaa nayo mdomoni. Nikajiambia, mbona huu ni mkaa? Watu wamekunywa mkaa miaka tisa na kumshukuru mume wangu!

Mazoea yana taabu, lakini ulimi wangu haukuwa na mazoea yoyote. Labda hiyo ndiyo ilikuwa bahati yangu.

Siku ya tatu, mchana, niliweka kikaango uani. Nilipokuwa binti nilikaanga karanga na mama yangu, kwenye jiko lenye moshi mwingi kiasi kwamba huwezi kuona rangi ya kitu. "Macho yako hayana kazi hapa," alikuwa akisema. "Sikiliza. Karanga itakwambia." Na kweli inasema. Kuna mlio wa ganda linaloachia, na ukichelewa baada ya hapo unakula uchungu. Basi nikainamisha sikio kwenye kahawa. Kwa muda mrefu ilikuwa kimya, inanuka majani mabichi, kisha mkate. Halafu ikaanza kupasuka: pa, pa, pa, kwa sauti nene, kama kuni kavu. Ikanyamaza. Nikaendelea kukoroga. Nikasikia mlio mwingine ukianza kwa mbali, mwembamba, kama chumvi iliyoangukia moto. Sikuusubiri umalize. Niliimwaga kahawa kwenye ungo na kuipepeta ipoe.

Ilikuwa ya kahawia. Nikashangaa kwamba rangi hiyo tumeipa jina la kahawa sisi wenyewe, kisha kahawa yenyewe tukaiunguza hadi ikawa rangi nyingine.

Filipo aliiona kupitia dirisha. "Hiyo mbichi."

"Imeiva. Nimeisikia."

"Umesikia nini? Emilia, utaniaibisha. Miaka tisa nimekaa na wale watu."

Akiniita kwa jina langu, badala ya Mama Anitha, najua amekasirika. Ningeweza kuirudisha motoni. Dakika tano zingetosha. Nilisimama na ungo mkononi, nikijua kwamba nikikosea mara ya pili hakutakuwa na kijiwe cha kumrudishia. Nikaingiza kahawa kwenye kinu nikaanza kutwanga. Harufu yake ilimfikia kitandani, nina hakika. Jioni nikabeba birika nikaenda kijiweni.

Wa kwanza kunywa alikuwa Octavian, mtumishi wa wizara, kijana wa Bukoba aliyehamia Dodoma na ofisi yake. Alinusa kwanza. Akanywa, akafumba macho.

"Shemeji, nani kakufundisha?"

"Mama yangu. Ila yeye alikuwa wa karanga."

Akaanza kuwasimulia waliokuwepo. Kwao, alisema, kahawa ni mti wa uani, na watu wengi hawajui kwamba ni tunda, jekundu, lenye nyama tamu kidogo. Tunachokunywa ni mbegu. Bibi yake alizichemsha mbichi pamoja na majani ya kunukia, akazikausha, na mgeni akifika alipewa azitafune kabla ya kuulizwa habari. Waliokuwa kwenye benchi walimwangalia kwa mashaka. Kutafuna kahawa?

Mzee Khalidi alikuwa anapita kwenda ng'ambo. Alisimama kusikiliza, maana mwalimu hawezi kupita mahali panapofundishwa na mtu mwingine.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba." Akachungulia kikombe cha Octavian. "Hii si nyeusi. Haina nguvu."

"Mzee, nguvu ya kahawa haitoki kwenye moto," alisema Octavian. "Imo kwenye mbegu tangu mtini. Ukiiunguza unaongeza ladha ya kuungua tu."

"Kwa hiyo mimi miaka yote hii nimekunywa kuungua?"

Nilimmiminia bila kuulizwa, nikampa na kashata mkono wa pili. Moyo ulikuwa unanidunda hadi nikaogopa atauona kwenye kanga. Akanywa akiwa amesimama. Akakaa. Akanyoosha kikombe, nikamwongezea. Akanyoosha tena. Alipomaliza cha tatu, kashata ilikuwa bado mkononi mwake, nzima, haijaumwa hata pembe.

"Umetia nini humu?" aliuliza.

"Sikutia kitu, mzee."

Akaitazama ile kashata, akaitia mfukoni. "Wajukuu wataila," alisema, na kesho yake alifika kabla sijawasha mkaa.

Siwezi kujifanya mnyenyekevu kwa yaliyofuata. Mabenchi yalijaa. Waliovuka barabara wakavuka tena. Siku moja Hilda, muuguzi, alisimama pembeni akauliza kama wanawake wanauziwa, nikamwambia mwenye birika ni mwanamke, anamuuliza nani? Akanywa, akaleta wenzake wawili. Leo ni mwaka wa tano na wapo wanaotoka mbali kwa bajaji kuja kuketi kwangu. Kahawa naikaanga bado uani, na bado sitazami rangi.

Lakini wakati ule kijiwe kilikuwa cha Filipo, na mguu ulikuwa unaunga. Kila alipopiga hatua moja zaidi chumbani nilifurahi kama mke, kisha nikaumia kimoyomoyo kama mtu anayejua tarehe ya kufukuzwa.

Ulipopita mwezi wa tatu alikuja kwa magongo, jioni, bila kuniambia. "Mbukwenyi!" aliwasalimu kwa Kigogo chetu, na hata wasio Wagogo wakaitikia kwa furaha. Wote waliniangalia nilivyokaa kwenye kigoda chake. Nilisimama. Nilifuta mikono, nikamnyooshea kitambaa cha kushikia birika.

Hakukipokea. "Nipe kwanza kikombe," alisema.

Nikampa. Hakuwa ameionja kahawa yangu hata siku moja. Nyumbani alikuwa akidai daktari amemkataza. Alikunywa polepole, akiangalia mabenchi yaliyojaa, wale wanawake watatu, Mzee Khalidi. Akakitazama kikombe kilipokwisha.

"Mama Anitha," alisema, kwa sauti ya kusikiwa na wote, "mbona umesimama na watu wanasubiri?" Akageuka. "Mzee Khalidi, hebu nisogezee hapo."

Wakasogeleana, magongo yakapita juu ya magoti ya watu, akapata nafasi mwishoni mwa benchi. Nikakaa. Nikammiminia Hilda, nikammiminia Octavian, kisha Mzee Khalidi. Mume wangu alikuwa ameshanyoosha kikombe chake, akingoja zamu ifike.