Amri ya Goti

Jumanne, katikati ya mazoezi ya futiboli ya Kimarekani ya shule, Tavaris Broussard aligongwa ubavuni akaanguka chali kwenye nyasi. Kocha Dufrene akapaza sauti: "Goti!" Vijana wote wakavua kofia zao ngumu na kupiga goti moja, kimya, mpaka Tavaris akapata pumzi na kuinuka. Hakuna aliyeona ajabu. Katika mji ule wa mashamba ya miwa, kusini mwa Louisiana, mtoto hufundishwa hivyo tangu siku anayovaa jezi ya kwanza. Mchezaji akiwa chini, awe wenu au wa wapinzani, nawe unashuka. Huulizi ni nani.

Renard Fontenot alishuka kama wengine, na akiwa pale chini ndipo wazo lilipomjia.

Kaka yake Anselm alikuwa ameuawa mwezi Machi. Askari wa sherifu alimsimamisha barabarani kwa sababu taa ya nyuma ya gari lake ilikuwa imeungua, akampiga risasi alipokuwa akitafuta leseni. Wiki iliyopita raia walioitwa kupima ushahidi walisema askari hana kesi ya kujibu. Gazeti la mji liliiweka habari hiyo ukurasa wa ndani, chini ya bei ya sukari.

"Mtu akivunjika kidole tunampigia goti," Renard aliwaambia wenzake katika chumba cha kubadilishia nguo. "Anselm alicheza hapa hapa. Ijumaa, kabla ya mechi, wimbo wa taifa ukianza, tunashuka. Basi."

"Kocha atatutafuna bila chumvi," alisema Tavaris, bado amejishika ubavu.

"Wewe usiwe na wasiwasi. Mifupa mitupu, nani atakutafuna?"

Walicheka, kisha wakakubali. Hata Cody Hebert alikubali, mzungu pekee katika safu ya ulinzi, ambaye Anselm ndiye aliyemfundisha kukaba.

Mji mdogo hauna siri. Kesho yake Kocha alimwita Renard ofisini. Hakufoka.

"Nilimpenda Anselm. Unalijua hilo."

"Nalijua, Kocha."

"Lakini bodi ya shule imenipa agizo, nami nakufikishia. Asiyesimama wakati wa wimbo wa taifa anavua jezi. Pale pale uwanjani."

 Jezi ya Renard, namba hamsini na nne, ndiyo aliyokuwa akiivaa Anselm. Aliiomba mwenyewe, akapewa. Nguo alizouawa nazo kaka yake zilikuwa bado kwa polisi, na zile nyingine mama yao, Bi Odile, alikuwa amezigawa kanisani katika siku za kwanza za msiba, kabla hajajua kwamba angezitaka. Jezi ile ndiyo iliyobaki. Kila Jumamosi Bi Odile aliifua kwa mkono, ingawa mashine ya kufulia ilikuwa pale pale jikoni.

Jioni Renard alimkuta mama yake akikoroga maharage.

"Mama, nikipiga goti wataichukua."

"Jezi ni ya shule," alisema Bi Odile. "Mwanangu ndiye aliyekuwa wangu." Akafunika chungu, akasimama kitambo akikitazama kifuniko. "Lakini nitaikosa."

Ijumaa timu mbili zilijipanga kingo mbili za uwanja, zikitazamana. Renard akageuka kuwaangalia wenzake. Tavaris alikuwa akichunguza viatu vyake. Cody aliangalia bendera kwa bidii, kama mtu anayehesabu nyota zake. Renard akatambua kwamba hakuna atakayeshuka.

Katika safu ya ulinzi yeye ndiye aliyekuwa akitoa amri. Msimu mzima wenzake walikuwa wamezoezwa kuitii sauti yake kwanza na kufikiri baadaye. Tarumbeta zilipoanza, akapaza sauti:

"Goti!"

Wakashuka. Wote, kwa mpigo mmoja. Vijana wa upande wa pili walipoona safu nzima imeinama, walidhani kuna aliyeumia, nao wakashuka. Daktari wa timu akanyakua mkoba wake na kukimbia, akitafuta wa kumtibu. Jukwaani akina mama wakasimama kwenye ncha za vidole.

"Nani kaumia jamani? Mtoto wa nani?"

Renard aliwasikia. Kwa muda wa ubeti mmoja uwanja mzima ulikuwa ukiuliza swali alilolingojea tangu Machi.

Kisha mtu mmoja akaelewa. "Simameni, mbwa nyie!" Zomeazomea ikateremka kutoka safu za juu. Wapinzani waliinuka kwanza, wakipangusa magoti. Cody akainuka, shingo imemwiva. Wengine wakafuata mmojammoja. Tavaris alikuwa wa mwisho.

"Nisamehe, ndugu yangu," alinong'ona. "Mzee wangu yuko pale juu ananitazama."

Naye akasimama. Daktari akafika akihema, akachutama mbele ya Renard.

"Umeumia wapi, kijana?"

"Si mimi," alisema Renard.

Wimbo ulipokwisha, Kocha alikuja taratibu. "Vua," alisema. Jezi ya mchezo ule hubana juu ya kinga za mabega. Mtu haivui peke yake, mwenzake humvutia. Renard alihangaika nayo huku mikono imenasa juu ya kichwa, na hakuna mwenzake aliyesogea. Mwishowe Kocha mwenyewe aliishika pindoni na kumvutia.

Renard alipanda jukwaani akiwa na fulana ya ndani, akaketi karibu na mama yake. Bi Odile alimvika koti lake mabegani. 

Kabla ya mapumziko Cody alichanika mdomo, damu ikamwagikia jezi. Kanuni hairuhusu jezi yenye damu uwanjani. Wasaidizi wakatafuta nyingine ya kumtosha. Iliyokuwepo, kavu na safi, ilikuwa moja tu.

Mpira ulipoanzishwa tena, mkimbiaji wa wapinzani alipita katikati akaangushwa chini kwa kishindo. Kipaza sauti kikanguruma: "Amekabwa na namba hamsini na nne!"

Bi Odile alikuwa ameshasimama. "Ndiyo, mwanangu!" alipiga kelele, akipiga makofi mikono juu, kama alivyofanya kila Ijumaa kwa miaka.

"Cody Hebert!" kikamalizia kipaza sauti.

Mikono ilimganda hewani. Akaishusha, akaketi. Kule uwanjani Cody aliinua macho kuelekea jukwaani, kisha akayaondoa haraka.

"Mama, twende nyumbani."

"Kaa," alisema Bi Odile. "Wanatuangalia. Tutaondoka mchezo ukiisha, kama watu wengine."

Wakakaa. Cody alicheza vizuri usiku ule kuliko siku zote, na namba ilitajwa mara nyingi. Kila ilipotajwa Bi Odile alifumba macho, na Renard akajifunza kutazama kwingine.