Nyumba Niliyoiandika Mahame

Sikuwa na cheti cha kuzaliwa. Sikuwa na picha ya baba, wala jina la mahali alikotoka. Sikuwa na babu wa kuwatajia wajukuu, sikuwa na kaburi la kupalilia, na wenzangu kazini walipokwenda kwao wakati wa likizo, mimi nilibaki chumbani kwangu na kitabu. Shule nayo sikuwa nayo. Nilianza kusoma nina miaka ishirini na mitatu, kwenye masomo ya jioni, nimebanana benchi moja na watu waliochoka kutwa kama mimi. Mtu akiniuliza kwetu ni wapi, nilimjibu, "Kwetu ni hapa niliposimama." Niliona hilo ni jibu la mwanamume.

Masomo hayo yalinipandisha kutoka mvuta mnyororo wa wapima ardhi hadi mwandishi wa daftari la vipimo. Kwa miaka thelathini na moja nilipima mashamba ya watu wenye kwao. Waliniita Bwana Inchi, kwa sababu sikukubali kosa la hata inchi moja. Cheti changu cha utumishi nilikitundika ukutani ndani ya kioo, na kila Ijumaa nilikifuta vumbi.

Dada yangu ndiye aliyeliharibu jibu langu. Alinizidi miaka sita, na wazazi walipotutoka yeye ndiye aliyenibeba mgongoni. Mwaka jana ugonjwa wa ini ulimlaza wodini, akakonda hadi pete ikawa inamtoka yenyewe.

"Inchi," aliniambia siku moja, "sitaki kuzikwa kwenye namba."

Makaburi ya mji wetu hayana majina. Kila mtu ana kibati chake chenye namba, kama gari.

"Dada, usianze habari za kufa."

"Nianze lini, nikishakufa? Nataka kulala na watu wa baba. Nitafutie."

"Baba hakutuambia kwao."

"Hakukuambia wewe. Ulikuwa unajikojolea bado. Mimi nilimuuliza."

Alichukua kipande cha sabuni kilicholainika pale kando ya kitanda, akakibonyeza kwa vidole vitatu vya mkono wa kulia. Yakabaki mashimo matatu.

"Kwao walikuwa mafundi wa matofali. Kila tofali likiwa bado bichi hulipiga vidole hivi. Babu alisema nyumba isiyoguswa na mwenyewe haimjui. Hayo ndiyo ninayoyajua. Mengine tafuta wewe, mpima wa watu."

Niliitazama ile sabuni. Nilihisi nimewahi kuona alama kama zile mahali fulani, nikasema ni uzee tu.

Nilianzia kwenye hospitali ambako baba alifia. Karani wa masjala, binti mwenye miwani, alipekua madaftari ya vifo kwa siku mbili.

"Mzee, wanaokuja hapa wengi wanatafuta urithi. Wewe unatafuta nini?"

"Mahali pa kulala."

Aliniangalia, kisha akaendelea kupekua. Alipompata baba, mbele ya jina lake paliandikwa kwa wino uliopauka: mtoto wa fundi matofali, ng'ambo ya kijito. Chini yake lilikuwapo jina la eneo. Nilicheka kwa furaha.

"Eneo hilo nililipima mwenyewe! Miaka thelathini na sita iliyopita."

"Basi ulipita kwenu bila kupiga hodi," alisema, naye akacheka.

Nilisafiri kwa basi kutwa nzima. Nilipolikaribia eneo lile nilisikia mashine ya kusaga mawe kabla sijaona chochote. Kilima nilichokijua hakikuwapo. Palikuwa na shimo la kokoto, na majani ya miti yote yalikuwa meupe kwa vumbi. Kwenye kibanda cha chai nilimuuliza dereva mmoja wa lori kama amewahi kuona matofali yenye alama za vidole vitatu.

Aliweka kikombe chini. "Nani anauliza?"

Nilimtajia jina la baba. Alilipia chai, akafungua mlango wa lori. "Panda. Mama yangu amelitaja jina hilo kila siku tangu nizaliwe. Ni kaka yake."

Njiani alipiga usukani kwa kiganja. "Unaona mzigo wangu, binamu? Hiki ni kilima cha babu yetu. Nakipeleka mjini kidogo kidogo. Ukitaka kumtembelea babu, kanyaga barabara mpya."

Shangazi aliishi kwenye chumba cha mabati kando ya barabara ya malori. Kizingitini kwake yalipangwa matofali manne ya zamani, na kila moja lilikuwa na mashimo matatu. Mwanawe alipomweleza mimi ni nani, hakulia wala hakunikumbatia.

"Vua viatu," alisema.

Nilivua. Aliinama akaichunguza miguu yangu kwa macho yake yaliyofifia.

"Kidole cha pili kimekipita cha kwanza. Wa kwetu huyu. Umechelewa, mtoto wa kaka. Hata mwenye kuposa huchelewa, lakini si miaka sabini!"

Tulicheka wote watatu. Nikamweleza habari za dada na ombi lake, na kicheko kikakatika.

"Makaburi yamebaki matano," alisema dereva, "pembeni kabisa mwa shimo. Mwisho wa mwezi ujao wanapanua machimbo. Tumeiandikia ofisi ya ardhi barua sita. Jibu ni moja tu: faili linasema mahali hapa palikuwa mahame, hapakuwa na mkazi, kwa hiyo hatuna madai. Wanasema anayeweza kulipinga daftari ni yule aliyeliandika."

"Pengine ameshakufa," nilisema. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

"Hajafa," alijibu shangazi. "Watu wa namna hiyo hawafi upesi. Mimi siku ile aliyokuja kupima nilikwenda kumzika jirani yetu. Asubuhi nilifua, nikaanika, nikafukia moto nikirudi niukute. Narudi jioni, nakuta bikoni ya saruji, ile alama yao ya mpaka, katikati ya uwanja wangu na maganda ya machungwa mlangoni. Ameketi kwenye kizingiti changu akala machungwa, kisha akaandika hapana mtu. Mahame gani yana majivu ya moto, mwanangu? Mahame gani yameanikwa nguo mbichi?"

Machungwa yalikuwa mawili. Niliyamenya kwa kisu cha kuchongea penseli. Mvua ilikuwa inakuja, na msimamizi alikuwa anapiga honi ng'ambo ya kijito. Kanuni yetu ilikuwa wazi: nyumba isiyo na mtu hufikiwa mara tatu kabla ya kuandikwa mahame. Kurudi kulikuwa na maana ya kuvuka maji tena mara mbili, na matope hadi magotini. Nguo niliziona kwenye kamba. Moshi mwembamba niliuona. Hata yale mashimo matatu ya tofali niliyatia vidole nikiwa natafuna, nikadhani ni michezo ya watoto. Kisha nikaandika kwa mwandiko wangu bora kabisa, ule uliosifiwa na mwalimu wa jioni: mahame.

Sikuwaambia. Niliomba kupelekwa kwenye makaburi. Kando ya babu nilipima kwa hatua, urefu na upana, nikaona nafasi ya dada inatosha na inabaki. Kutoka hapo hadi ukingo wa shimo zilikuwa hatua kumi na nne. Niliagana nao nikapanda basi.

Dada alinisubiri ameegemea mto.

"Umepaona?"

Ningesema ndiyo, angeuliza kwa nini asizikwe huko. Ningelijibu hilo, angeuliza nani aliandika.

"Bado, dada. Nafuatilia."

"Fuatilia upesi. Mimi sifuatilii tena, nafuatiliwa."

Kwa siku nane nilikwenda wodini asubuhi na jioni, nikasema "bado". Nikirudi chumbani niliketi mbele ya kile cheti ukutani. Kilisema kwa herufi za dhahabu kwamba nimetumika kwa uaminifu na usahihi. Siku ya tisa nilikuta wauguzi wanatandua kitanda chake. Sabuni ilikuwa bado kwenye meza, imekauka na mashimo yake.

Tulimzika watu sita. Kibati chake kina namba elfu nne mia mbili na kumi na saba. Niliisoma mara mbili kuhakikisha haikukosewa, maana hiyo ndiyo kazi ninayoijua.

Niliporudi nilikitungua cheti, nikakitoa kwenye kioo, nikaketi kuandika.

"Kwa Mkuu wa Ofisi ya Ardhi. Mimi ndiye mwandishi wa daftari la vipimo la eneo lililotajwa hapo juu. Neno mahame kwenye kiwanja cha ng'ambo ya kijito ni la uongo. Nilifika mara moja tu badala ya tatu. Niliona nguo zilizoanikwa na moshi wa moto uliofukiwa. Mwenye nyumba alikuwa msibani. Nilijua pana mtu. Mwenye nyumba huyo ni dada wa baba yangu, lakini hilo silitoi kama sababu ya kukiri, kwa kuwa siku ile sikulijua, na angekuwa mgeni kosa lingekuwa lile lile. Yako makaburi matano, hatua kumi na nne kutoka ukingoni. Naomba machimbo yasimamishwe. Naomba pia ruhusa ya kumhamishia huko dada yangu, namba 4217. Narudisha cheti changu. Nakala nitampelekea shangazi kwa mkono wangu, nimsomee mwenyewe."

Niliisoma tena kutafuta makosa. Hayakuwapo. Nilitia sahihi kwa ule mwandiko, nikakikunja cheti mara mbili ili kiingie, nikalamba gundi na kuibana bahasha kwa kiganja hadi iliposhika.

Posta, karani aliipima kwa mkono. "Nzito hii, mzee. Ya kawaida au rejista?"

"Rejista. Lazima mtu atie sahihi kwamba ameipokea."

Aligonga mhuri mara mbili, akaitupa kwenye gunia nyuma yake.