Mfereji Usio na Kazi

Mwaka ule watu walipohamishiwa vijijini, Chausiku na mwanawe Semboja walipewa viwanja chini ya lambo la zamani, upande wa Handeni. Nyumba ya Semboja, yenye mke na kichanga, ilikuwa ya kwanza kabisa chini ya tuta la kuzuia maji ya lambo. Pembeni mwa tuta palikuwa na mfereji wa mawe, uliotoka lamboni ukashuka bondeni. Ukame ulikuwa mkali; hawakuwahi kuuona hata ukilowa.

Basi ikasemwa wageni wa wilaya wanakuja. Semboja, kiongozi wa vijana, akaamuru mfereji ufukiwe, pasawazishwe, ipatikane njia safi ya kupita wageni.

"Semboja, nani aliuchimba?" mama yake akauliza.

"Waliokuwa hapa zamani. Wako Magoma siku hizi."

"Waliuchimba wa nini?"

"Sasa mimi nitajuaje, mama? Hauna kazi huu."

"Hujui kazi yake, ndiyo unasema hauna kazi? Mtu hapangi mawe juani kwa kujifurahisha. Ngojeni niende Magoma nikaulize."

Hiza, rafiki wa Semboja, akaegemea sepetu yake. "Ee mama, upande lori mpaka Magoma kwa ajili ya shimo? Wageni watukute tumekaa tunakungoja wewe?"

Vijana wakaangua kicheko. Chausiku akawapisha, maana alichokuwa nacho ni hofu tu. Wakafukia, wakashindilia. Wageni wakaja, wakapita, wakasifu.

Masika yakaingia kwa kishindo. Lambo likajaa, watu wakashangilia, vigelegele huku na huku. Chausiku alikuwa akiyatazama tu maji yakipanda. Yakikosa nafasi humu, yatapita wapi?

Alasiri moja akaona. Maji yalianza kuvuka katikati ya tuta, uzi mwembamba, mwekundu kwa udongo. Mara ule uzi ukawa mpana kama mlango.

"Semboja! Maji yanakula tuta!"

Semboja akapanda mbio na jembe kwenda kuufukua mfereji. Udongo ulikuwa umeshika kama sakafu. Chausiku akaingia kwa mkwewe, akamnyakua mtoto, akamsukuma mkwe nje. "Kimbia, usibebe kitu!"

Walipofika mwinukoni akageuka. Mwanawe alikuwa ameinama, jembe linapanda, linashuka.

"Acha, baba! Toka hapo!"

"Bado kidogo, mama! Nimeshayaona mawe!"

Tuta likameguka, kutoka katikati mpaka pale aliposimama.