Begi la Siku Mbili

Orodha aliiandika Dada. Mtoto huyo wa miaka kumi na mmoja alikuwa hajawahi kulala nje ya nyumba ya baba yake, na furaha ilikuwa nusura imtie wazimu. Alichana karatasi katikati ya daftari la hesabu, juu akaandika VITU MUHIMU, akapiga mstari mara mbili. Hema. Tochi. Kiberiti. Sufuria moja. Mablanketi. Dawa ya mbu. Mayai ya kuchemsha kumi na mawili. Akakaa kitandani akimsomea mama yake kimoja kimoja, na mama akawa anaitikia, "Tayari," "Kipo," "Hicho analeta Nesi," huku mikono yake ikifuata orodha nyingine kabisa, ambayo haikuandikwa popote.

Orodha ya mama ilianza na bahasha ya kaki: vyeti viwili vya kuzaliwa, kadi za kliniki, ripoti za shule, kitambulisho chake. Bahasha akailaza chini kabisa ya begi. Juu yake sare za shule, masweta, viatu vyeusi.

"Mama, sare za nini ziwani?"

"Za kulalia. Ukizikunja, mto huo."

"Na viatu vya shule?"

"We mtoto, utanimaliza kwa maswali! Katazame mayai yako yasije yakapasuka."

Ziwani wangelala usiku mmoja tu, kwa ajili ya Dada, maana ahadi kwa mtoto ni deni. Asubuhi yake wangeendelea na safari hadi mji wa mbali, nyumbani kwa dada wa huyo Nesi, ambako kilikuwapo chumba na kazi ya kufua mashuka ya hospitali. Wasingerudi tena. Mtaa mzima hilo walilijua watu wawili tu, mama na Nesi wa zahanati, yule aliyemfunga bandeji mara tatu kwa "kuteleza bafuni," na mara ya tatu akamuuliza kama bafu lenyewe lina mikono.

Miaka kumi na miwili alikuwa amevumilia, na pengine angevumilia mingine. Lakini wiki iliyopita kofi lilikuwa limevuka likamfikia Dada. Lilimfikia mara moja tu, sikioni, kisa chai iliyomwagika. Mama alipomwona mtoto anaokota kikombe bila kulia, kama mtu mzima aliyezoea, alijua muda umekwisha.

Basi Alhamisi ratiba ya zamu ilipobandikwa ghalani, na baba akarudi akinung'unika kwamba Jumamosi atakuwa kazini kutwa, mama akaanza kuimba wimbo wa kambi. Hema ni la kuazima, kiingilio ni cha gari zima, chakula kinatoka humuhumu jikoni. "Haya, burudani ya bure nani anaikataa," baba akasema, na akarudi kwenye televisheni yake.

Huyo baba, mtaani wanamwita Kipimo. Kazi yake ni kupanga mizigo kwenye malori, na jicho lake ni rula: akitazama shehena mara moja anakwambia itaingia au haiingii, na itabaki nafasi ya kiasi gani. Ni mtu wa watu, tena sana. Awe na harusi nani, awe na msiba nani, Kipimo yupo, kabeba viti kwapani, anachekesha wazee. Ukimwambia jirani yeyote habari za ndani ya nyumba ile, atakuona wewe ndiye mwenye kasoro. Ndiyo maana wakasema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Jumamosi saa tatu na nusu asubuhi, nusu saa kabla ya Nesi kufika, geti likalia. Mama alizijua hatua zile hata usingizini.

"Lori limekufa njiani," Kipimo alisema akiingia, akamnyanyua mtoto wa kiume wa miaka minne, ambaye kwa kurithi jina la baba mzazi wa Kipimo aliitwa Babu na nyumba nzima. "Shikamoo, Babu!" Mtoto akacheka, akaitikia marahaba kwa sauti nzito. Ulikuwa mchezo wao wa kila siku, na siku ya furaha Kipimo alikuwa baba wa kutamanika.

Kisha akaliona begi. Limevimba, zipu imekataa katikati.

"Lo! Mke wa Kipimo anafunga begi kama anayekimbia moto! Watu wakiona watasemaje? Lete hapa."

"Liache tu, baba Dada. Limeshajaa."

"Limejaa kwa sababu halikupangwa."

Akatandika mkeka, akapiga magoti, akaanza kutoa. Mama alisimama mlangoni, hajui aangushe sufuria, azimie, au afanye nini. Na Dada, maskini ya Mungu, akaja mbio na karatasi yake.

"Baba, nikusomee orodha?"

"Nisomee, karani wangu."

Akasoma. Tochi, ikawekwa kulia. Kiberiti, kulia. Sufuria, kulia. Kwa upande wa kushoto kikaanza kujengeka kichuguu cha vitu visivyosomwa.

"Sare za shule zipo kwenye orodha?"

"Hazipo, baba. Mama anasema ni mito."

"Viatu vyeusi?"

"Havipo."

"Sweta? Sweta tena?"

"Hayapo," Dada alisema, sasa polepole, akimtazama mama yake.

Mkono wa Kipimo ukafika chini ya begi ukatoka na bahasha ya kaki. Akaifungua kidogo kwa kidole kimoja, akachungulia, akaifunga. Hakuuliza kama ipo kwenye orodha. Akaanza kurudisha vitu, vyote, vya kulia na vya kushoto. Alikunja, akakunjua, akaviringisha sweta akalitia ndani ya sufuria, akasimamisha viatu pembeni. Mungu hamnyimi mtu vyote; kupanga mzigo alijua. Bahasha akailaza juu kabisa ya vitu vyote, akainyoosha kwa kiganja, na zipu ikateleza kama imepakwa mafuta.

"Umeona?" akamwambia mkewe, akitabasamu. "Tena nafasi imebaki."

Mama alitamani heri mumewe angepiga kelele. Tabasamu lile alilifahamu kuliko ngumi.

Honi ikalia nje. Kipimo akatoka wa kwanza, kambeba Babu begani, na sauti yake ya mtaani, ile kubwa, ikatangulia mbele yake. "Shemeji Nesi! Karibu! Leo unaniibia familia?" Ng'ambo ya barabara fundi cherehani alisimamisha cherehani yake barazani apate kuangalia. Wanawake wawili waliokuwa wakianika nguo wakageuka. "Nendeni mkafurahi!" Kipimo akatangaza kwa wote. "Ila huyu Babu kifua kinambana, usiku kucha anakohoa. Atabaki na baba yake. Siku mbili tu." Akamgeukia mkewe. "Si ni siku mbili, mama Dada?"

Babu hakuwa amekohoa hata mara moja. Alikuwa ananyonya kidole.

Mama alielewa vizuri sana. Akiondoka na Dada, atarudi mwenyewe kwa magoti akimfuata mwanawe, na Kipimo atakuwa anamngoja. Akibaki na wote, hakuna siku nyingine, vyeti vitachomwa leo leo. Mtaka yote hukosa yote. Ilimchoma kweli, ilimchoma mpaka akaona barabara inacheza, lakini miguu yake ilikuwa imeshaanza kutembea. Akalibeba begi mwenyewe, akalitia kwenye buti ya gari, akafunga. Akafungua mlango wa nyuma.

"Ingia, Dada."

Mtoto akaingia. Mama akafunga mlango, akapaza sauti, yeye ambaye mtaa ule haukuwahi kumsikia akipaza.

"Basi mimi nabaki na mgonjwa wangu! Mama gani anakwenda kuogelea mwanawe anakohoa?"

"Hapo umenena, mama!" fundi cherehani akaitikia.

Kipimo akasogea. Tabasamu lilikuwapo bado, ila limekaza. "Basi waahirishe. Wiki ijayo tutaenda wote."

"Ah, baba Dada! Si umesema mwenyewe, waende wakafurahi? Mtaa mzima shahidi. Mtoto juzi na jana hakulala kwa kuliwaza hema hilo hilo."

"Mwache mtoto, Kipimo!" fundi akacheka. "Ukali gani huo, si kawaida yako!"

Kipimo akacheka. Alilazimika kucheka.

Mama akainama dirishani kwa Nesi, aliyeshika usukani. "Usimrudishe," mama alinong'ona. "Bahasha iko juu."

"Na wewe?"

"Washa gari."

Kutoka nyuma Dada akatoa kichwa. "Mama, mayai mawili nitawabakizia wewe na Babu. Nikirudi nitakusimulia yote."

"Yote, mwanangu," mama alisema, akamweka sawa kola. "Usiache hata moja."

Gari likaondoka. Baba na mama walisimama bega kwa bega wakipunga mikono hadi lilipokata kona, na kwa aliyewatazama walikuwa picha ya kutia fremu. Kisha wakaingia ndani. Kipimo akamkalisha Babu mbele ya televisheni, akamwekea katuni, akampapasa kichwa. "Angalia hapa, mzee wangu, usitoke," akamwambia, akaongeza sauti mpaka mwisho.

Mama alikwenda jikoni. Akavua hereni, ya kushoto kwanza, halafu ya kulia, akazitia kwenye kikombe rafuni, kama alivyofanya kila mara tangu ile siku sikio lilipochanika. Hakujidanganya, alikuwa anaogopa kupita kiasi. Nyuma yake alisikia mapazia yakivutwa, dirisha moja, na la pili. Alihesabu njia ya gari: taa za barabarani, kituo cha mafuta, kisha daraja. Alingoja mpaka alipokuwa na hakika kwamba mwanawe ameshapita darajani, ndipo akageuka.