Sindano Haifunguzi

Mdogo wangu alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Mkasi. Alikuwa akikutazama mara moja tu, anakukatia suti bila kukupima. Mimi ni dada yake mkubwa. Pale dukani kwake nilikuwa nashona vifungo, napiga pasi na kusema kila kinachonikera. Sikuzaliwa kunyamaza mimi.

Mkasi ana kisukari. Kila asubuhi alijichoma tumboni sindano ya dawa ya kushusha sukari, kisha akala. Daktari alimkataza kabisa kufunga Ramadhani, kwa hiyo wifi yangu, yaani mkewe, akawa anampa mkate na chupa ya chai aje navyo kazini. Roho ikaniuma! Marehemu baba alifunga mpaka mwaka aliokufa, leo mwanawe anatafuna mchana kweupe? Watu watatuonaje?

Siku ya tatu ya mfungo, saa nne asubuhi, duka limejaa wateja na Mkasi hayupo mezani. Nikajua tu. Nikaenda kwenye kona ya kujaribia nguo, nikalivuta pazia lote. Huyo hapo, kachuchumaa, mkate umemjaa mdomoni.

"Jamani, njooni mumwone kobe!" nikapaza sauti. Kobe ndivyo tunavyomwita mtu anayekula kwa kujificha mchana wa Ramadhani.

Duka zima likaangua kicheko. Kumeza akashindwa, kutema akashindwa. Machozi yakamlengalenga, mwanamume wa miaka arobaini na miwili. Na mimi, Mungu anisamehe, nilisikia raha.

Kesho yake akakuta kobe kachorwa mlangoni kwa chaki ya fundi. Nilimchora mimi.

"Dada," akaniambia huku akifuta, "nikifunga utaniacha?"

"Funga kwanza tuone."

"Na sindano yangu je?"

Nikampigia simu shehe palepale. "Shehe, sindano ya dawa inafunguza?" Akasema haifunguzi, maana si chakula wala kinywaji. Akaanza, "Lakini hiyo sindano ni ya..." Nikakata simu.

"Umesikia? Sindano choma kama kawaida, mkate acha. Visingizio vimekwisha."

"Daktari alisema nikichoma lazima nile."

"Tangu lini daktari akafundisha watu saumu?"

Jioni wifi akanifuata jikoni. "Wifi, utamuua mume wangu."

"Wewe ndiye unayemharibu," nikamjibu. "Unamdekeza kama kitoto."

Basi Mkasi akafunga. Asubuhi alijichoma dozi yake yote, tumbo tupu. Saa sita akakata suruali ya mteja, mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Nikamcheka. Saa nane jasho likamtoka, shati likaloa chapachapa, mikono inamtetemeka, akanitukana tusi ambalo sijawahi kulisikia kinywani mwake. Nikasema anaigiza ili tumwonee huruma. Akafungua droo ya meza, alimoweka peremende zake za dharura. Nikaisukuma droo kwa goti, ikajifunga.

"Vumilia, bwana! Zimebaki saa nne tu."

Alinitazama kama hanijui. Kisha akajilaza kwenye marobota ya vitambaa, akafumba macho. Nikamfunika. Wateja walipoingia niliwaambia wapunguze sauti, fundi kafunga, kapumzika. Nilisema kwa fahari, mjue. Wifi alipofika saa kumi alimkuta povu linamtoka, akapiga yowe ambalo bado nalisikia. Hospitali walituambia sukari ilishuka mno, na ubongo ulikaa bila chakula muda mrefu. Wangemwahi mapema, wakasema, peremende mbili tatu zingetosha.

Hakufa. Mwaka umepita, Ramadhani nyingine imeingia. Wifi yuko dukani, anahangaika na cherehani aliyojifunza juzi, na hasemi nami. Mimi nakaa nyumbani namlisha Mkasi uji, saa saba mchana, nimefunga, kijiko mkononi. Kifungo cha shati lake mwenyewe hawezi kukifunga.

Jana shehe alikuja kumtazama. Akakaa kitandani, akamshika mkono.

"Siku ile ulinikatia simu," akaniambia. "Nilitaka kukuuliza ni sindano ya nini. Mgonjwa wa namna hii hakulazimishwa kufunga."

"Nilijua, shehe."

"Ulijua?"

"Tangu madrasa. Ndiyo maana nilikata."

Shehe akauachia mkono wa mdogo wangu, akatafuta viatu vyake. Hakuniaga. Nikachukua bakuli, maana uji ulikuwa unapoa, nikapeleka kijiko mdomoni kwa Mkasi. Akakaza meno. Kila siku ni hivyo hivyo. Mkewe hamjui, mimi hanijui, jina lake mwenyewe halijui. Lakini hakubali kula mpaka kwanza niinuke nikavute pazia la dirisha, watu wasimwone.