Jora Jeusi na Jora Jeupe

Mimi nikikasirika nashona vizuri. Mume wangu analijua hilo, ndiyo maana siku shemeji alipoleta majora mawili ya kitambaa, moja jeupe na moja jeusi, yeye alijiinamia na pasi yake kimya kama hayupo.

Shemeji ni mdogo wake mume wangu, mwalimu wa kwaya kanisani kwetu. Alikuwa ameandika igizo la mateso ya Bwana. Ni mtu mwema, ila ana kichwa kigumu. Alitandaza karatasi juu ya meza yangu ya kukatia, akaniambia waigizaji ni kumi na tisa: Bwana na watu wake niwashonee nyeupe, Wayahudi niwashonee nyeusi. Igizo ni Jumapili ya wiki ile ile, alasiri.

Nikauweka mkasi chini. Tangu niliposikia kwamba mavazi nitashona mimi, nilikuwa nimeshamwalika Mama Vifungo aje kulitazama.

Duka la Mama Vifungo linatazamana na mlango wangu, ng'ambo ya barabara. Limejaa droo kutoka sakafuni mpaka darini, na kila droo imebandikwa kwa mbele kifungo cha aina iliyomo ndani. Miaka ishirini na miwili tunakunywa chai pamoja saa nne asubuhi, leo kwake kesho kwangu, isipokuwa Jumamosi, kwa sababu yeye ni Myahudi na Jumamosi hafungui. Binti yangu alipoolewa, mama huyu alikaa kwangu siku mbili akishona vifungo sitini vya gauni la harusi, na miguu yake inamsumbua. Nampenda, sina namna nyingine ya kulisema.

Nilipomwambia aje kuona kazi yangu jukwaani, aliirudisha ndani droo aliyokuwa ameivuta. Kisha akanieleza kwamba bibi yake, katika nchi walikotoka, siku za maigizo kama hayo, alikuwa anafunga madirisha na kuwaficha watoto chini ya kitanda, maana watu wakishatoka kutazama walikuwa wanatafuta Wayahudi wa kupiga. "Lakini umenialika wewe," akasema. "Nitakuja."

Sasa ndiyo niwavike nyeusi watu wake, halafu nimkaribishe aje atazame? Nilimweleza shemeji yote hayo. Hakukasirika. Alinifafanulia taratibu, kama anavyowafafanulia watoto wa katekisimu, kwamba Mungu aliwachagua, wao wakakataa, basi amemalizana nao na sasa watu wake ni sisi. Rangi ni za kufundishia tu, watu wasichanganyikiwe.

Haya, nikasema, nikachukua chaki. Anitajie Wayahudi mmoja mmoja niwaandike pale mezani, nisije nikakata vibaya.

Alianza kwa mbwembwe. Kuhani mkuu. Wazee. Umati unaopiga kelele. Nikaandika. Nikamuuliza, na Petro je? Akasema Petro ni mtume. Najua ni mtume, nikamwambia, nauliza kwao ni wapi. Akakuna shingo. Nikaandika Petro. Na Yohana? Na yule mzee aliyeuomba mwili akauzike? Na mama yake Bwana? Hapo mume wangu akaisimamisha pasi. Likabaki jina moja.

"Na Bwana mwenyewe, shemeji?"

Akajibwaga kwenye kiti cha wateja. Ukimtoa Pilato na askari wake wawili, orodha nzima ilikuwa ya Wayahudi. Lakini nimeshasema kichwa chake ni kigumu. Akaanza kwamba hao wengine waliamini, kwa hiyo hoja yake ya Mungu kumalizana na waliobaki iko pale pale. Nikamkatisha.

"Mteja wangu wa kwanza nimemwahidi nguo. Ameniudhi, nikamtupia kitambaa chake barabarani. Wewe uliyeona, utaniletea chako?"

"Siwezi."

"Basi usinipe Mungu wa hivyo. Kama aliowaapia kwanza amewatupa, mimi na wewe tumeshikiliwa na nini?"

Aliyasoma tena yale majina ya chaki, moja moja. Mwishowe akasema majora yameshanunuliwa na hayarudishiki, nifanye nijuavyo, naye anakwenda kufikiri.

Jeupe lilikuwa halitoshi Wayahudi wote kumi na sita. Nikakata kanzu zote nyeupe na shuka moja la mabegani kwa kila mtu, na palipopungua nikaunga vipande vyeusi. Ili visionekane viraka, nikavipanga mistari, mipana na myembamba, kwenye ncha za mashuka na kwenye mapindo. Kuhani akawa sawa na Petro, umati sawa na Bwana. Mume wangu alizipiga pasi zote, akasema zimependeza.

Jumapili Mama Vifungo alikuja, akachagua kiti cha pembeni karibu na mlango. Begi lake alilipakata, amelishika kwa mikono miwili. Nilikaa naye, roho juu.

Kabla ya kuanza, shemeji alitokea mbele ya pazia na kikaratasi mkononi. Akasema wote tutakaowaona, isipokuwa Pilato na askari, ni ndugu wa damu wa Bwana, wanaomlilia na wanaompigia kelele. Akasema yeye alikuwa akifundisha kwamba Mungu amewaacha, na alikosea, kwa hiyo anatuomba radhi.

Pazia likafunguka. Mama Vifungo akanikamata mkono, akaubana mpaka ukauma. Nikajua nimeharibu. Akaninong'oneza, ni nani aliyenionyesha yale mashuka? Nikamwambia hakuna, kitambaa hakikutosha.

Akacheka, na machozi yanamtoka. Baba yake alikuwa na shuka jeupe la mistari myeusi kwenye ncha zake, akijitanda kila asubuhi kusali kama ilivyo desturi ya Wayahudi, na akazikwa nalo.

"Wote wamevaa shuka la baba yangu," akasema. Akaelekeza kidevu kwa yule aliyekuwa katikati ya jukwaa. "Hata yeye."

Basi akaliweka begi chini, akaegemea kiti. Baada ya kitambo akaniinamia tena, akaniambia pindo la Petro limepanda upande wa kushoto. Nilitazama, na kweli lilikuwa limepanda.